Swala aliye kifuani mwa wachezaji wa Niger

Juni 2023, Taifa Stars ilipoifunga Niger bao moja kwa bila pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, habari ya mjini ilikuwa Simon Msuva, na alistahili. Mimi nilibaki na jezi ya wageni. Kwenye nembo yao yumo swala, na timu yenyewe huitwa Mena, kwa jina la swala huyo huyo. Kundi letu la kufuzu AFCON lilikuwa la wanyama watupu: Uganda na korongo wao, Algeria ambao watangazaji wetu huwaita Mbweha wa Jangwani, na Niger na swala wao. Mbweha yule hana shida. Korongo taji yumo kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Swala wa Niger ndiye hoi kuliko wote. Waliobaki porini, dunia nzima, wanakadiriwa kuwa kati ya 100 na 200. Ukiwapandisha mabasi ya Arusha kwenda Dar, manne yanawatosha na viti vinabaki.

Kitaalamu anaitwa Nanger dama. Mimi ni muongoza watalii, kituo changu Arusha, na Sahara sijawahi kuikanyaga. Nilichonaswa nacho ni ukoo wake: yuko jenasi moja na swala granti wetu, yule ninayemwona karibu kila safari na ambaye wageni wengi humpita haraka kwa sababu wanatafuta simba. Ndugu wa tatu ni swala wa Soemmerring, wa Pembe ya Afrika. (Majina haya jamani. Grant alipita huku na Speke kutafuta chanzo cha Nile, Thomson akaja baadaye kuvuka Umasaini, na wote watatu wana swala wao hadi leo, Speke wake yuko Somalia. Wagogo na Wamasai waliokuwa wakiishi na wanyama hao tangu enzi hawakupata hata digidigi.)

Aliyenifungua macho kuhusu dama si kitabu, alikuwa mgeni. Ilikuwa kiangazi, tambarare za Serengeti upande wa Naabi zimekauka, nyumbu wameshaondoka kwenda kaskazini, na waliobaki ni granti tu, wamesimama juani kana kwamba hawajaambiwa kwamba maji yamekwisha. Nilikuwa naeleza hilo hilo, kwamba huyu hahami kwa kufuata mto, anakaa. Mzee mmoja wa Texas, mkimya tangu asubuhi, akasema, “Kijana wangu, mimi nina binamu wa hawa nyumbani.” Nikadhani ni utani wa wageni. Akatoa simu akanionyesha picha: mnyama mrefu, mweupe, shingo nyekundu ya hudhurungi, amesimama chini ya mti wa mwaloni nyuma ya uzio. “Kwetu tunawaita adra. Texas wako wengi kuliko Afrika nzima.”

Niliitikia kwa adabu, nikajiambia moyoni kwamba Watexas na sifa zao. Usiku ule kambini nilitafuta mtandaoni, na mzee alikuwa mkweli.

Tuanze na mwili, maana ndiko mnyama huyu anakoeleweka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti Mmarekani, C. Richard Taylor, alifanya majaribio Muguga, nje kidogo ya Nairobi. Aliwaweka granti, choroa na wanyama wengine kwenye vyumba vya joto kali akawapima. Mnyama wa kawaida joto likizidi anahema au anatoka jasho, yaani anatumia maji kujipoza. Granti alifanya jambo jingine: aliacha mwili upande joto, ukapita nyuzi 46 za Selsiasi, joto ambalo kwa kawaida humuua binadamu. Maji yake akayabakiza. Siri iko kichwani. Hewa anayovuta hupita kwenye ngozi laini na yenye unyevu ndani ya pua na kupoza damu iliyopo pale. Damu hiyo iliyopoa hushuka hadi kwenye mtandao wa mishipa midogo chini ya ubongo, ambako hukutana na damu ya moto inayopanda kutoka moyoni. Zinapopishana, ya moto inapoa. Mwili uko kwenye tanuri, ubongo unapata nafuu ya nyuzi kadhaa, na nyuzi hizo ndizo zinazotenganisha uhai na kifo.

Baadaye watu waliowapima swala na jamaa zao wakiwa huru porini waliona kwamba mara chache wanafikia joto kali namna ile. Mnyama aliye huru ana njia nyingine: anasogea kivulini, anageuza mwili asipigwe na jua ubavuni, anakula usiku. Hilo la kula usiku Taylor naye alilifuatilia. Kuna kichaka ambacho majani yake mchana ni makavu hata yanavunjika ukiyagusa, lakini usiku hewa ikipoa yanafyonza unyevu mpaka takriban asilimia 40 ya uzito wake inakuwa maji. Mnyama anayekula saa nane za usiku anakula na kunywa kwa mkupuo mmoja. Nimewaambia wageni habari hii mara nyingi, na ndiyo pekee inayowafanya wasimamishe maswali ya simba.

Sasa mchukue granti huyo, mrefushe miguu, mrefushe shingo, mpake weupe ili jua limwakie na kurudi. Huyo ndiye dama. Ni mkubwa kuliko swala wote wa aina yake, dume hufika kilo 75. Kooni ana doa jeupe. Wale wa magharibi, upande wa Moroko na Sahara Magharibi, wekundu wao ulishuka hadi mgongoni na mapajani. Wale wa Chad ni weupe karibu mwili mzima, wekundu umeishia shingoni. Zamani waligawanywa katika makundi matatu kwa rangi hizo, ingawa uchunguzi wa vinasaba haujaupa mgawanyo huo nguvu. Anakula majani ya migunga, na akiona tawi liko juu husimama kwa miguu ya nyuma kama swala twiga wa Tsavo.

Lakini ukubwa wake una gharama. Anahitaji maji kuliko swala wadogo wa jangwani, kwa hiyo hajawahi kuwa mnyama wa matuta ya mchanga mtupu. Maisha yake yako ukingoni, pale Sahara inapoishia na Sahel inapoanza. Mvua za huko hunyesha hasa kati ya Julai na Septemba. Zikinyesha, majani yanachipua kuelekea kaskazini na dama anayafuata hadi ndani ya jangwa. Zikikatika, anarudi kusini kwenye mabonde makavu yenye migunga. Ukiniuliza makazi ya dama ni wapi, nitakujibu ni njia hiyo yote, kwenda na kurudi. Ukiikata katikati umemkata yeye.

Wengi wetu tukisikia Sahara tunaona mchanga. Pori la akiba la Ouadi Rimé-Ouadi Achim, katikati ya Chad, lilitangazwa mwaka 1969 na lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 78,000. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ina 14,763. Yaani ni Serengeti tano na zaidi, bila uzio, na baada ya mvua sehemu kubwa ni nyasi mpaka macho yanapoishia, zimekatwa na mabonde yenye miti. Wafugaji wamo ndani na ngamia, ng'ombe, kondoo na mbuzi wao, kisheria kabisa, wakihama kaskazini na kusini kwa mvua ile ile inayomhamisha swala. Mfugaji na mnyamapori kwenye ardhi moja: sisi wa Arusha mjadala huo tunaujua vizuri, na leo sitauingia kwa kina.

Nitasema tu kwamba kwa karne nyingi walikaa pamoja na dama hakuisha. Alikuwa ameenea kutoka Mauritania na Moroko hadi Sudan. Wahamaji walimwinda, kwa mbwa, kwa farasi, kwa mkuki, na aliwakimbia wengi wao. Kukimbia ndiyo silaha yake yote. Kwenye uwanja mpana anamwona adui kutoka mbali na anamwacha.

Halafu likaja gari.

Kwenye changarawe tambarare za Sahara gari la magurudumu manne halina cha kuliziba: hakuna makorongo ya kulikwamisha, hakuna msitu wa swala kujifichia. Mwenye gari hahitaji hata shabaha. Anamkimbiza mpaka joto lile ambalo mwili ulijua kulihifadhi linakuwa kubwa mno, mnyama anasimama mwenyewe. Kisha bunduki za kisasa zikafuata, na vita. Mwaka 1987 Chad na Libya walipigana kaskazini mwa Chad vita ambayo mpaka leo inaitwa Vita ya Toyota, kwa sababu Wachad waliwashinda wenye vifaru kwa pick-up nyepesi zilizofungwa makombora. Ni hadithi ya kishujaa ukiisoma upande wa binadamu. Upande wa wanyama, ina maana kwamba eneo lote lile lilijaa vijana wenye njaa, wenye silaha za moto na magari yanayoweza kufika popote. Choroa wa Sahara, yule mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma, aliishia katika miaka hiyo. Gari ninaloendesha kazini ni la ukoo ule ule, nalo limenilisha mimi na wanangu, kwa hiyo siwezi kulitukana sana.

Ukame wa miaka ya 1970 na ule wa katikati ya miaka ya 1980 ulimaliza kazi kwa upande mwingine. Ukame mtupu dama ameuzoea. Shida ni kwamba uliwasukuma watu, mifugo na swala kwenye miti ile ile michache, na visima virefu vilivyochimbwa kuokoa mifugo vikaifanya ikae mwaka mzima mahali ambapo awali ilipita tu. Kisima kirefu ni kitu kizuri. Sijui mtu wa Longido au Simanjiro atakayekubali uchukue chake. Ila kinageuza malisho ya msimu kuwa malisho ya kudumu, na mnyama aliyekuwa akipata miezi yake ya upweke anaikosa.

Niger wenyewe, wenye swala kifuani, bado wanaye sehemu mbili. Moja ni Termit na Tin Toumma, hifadhi iliyotangazwa mwaka 2012, takriban kilomita za mraba 97,000, mojawapo ya hifadhi kubwa kabisa Afrika. Jirani yake, Agadem, kampuni ya taifa ya mafuta ya China ilianza kutoa mafuta mwaka 2011. Mwaka 2019 serikali ilichora upya mipaka ya hifadhi ili kuyapisha mafuta. Mwaka 2016 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, lilitoa taarifa ya kutisha kuhusu adaksi, ndugu mweupe wa choroa, wa eneo hilo hilo: msako mkubwa wa anga na ardhini uliwapata watatu tu, na miongoni mwa waliotajwa kuwawinda ni wanajeshi waliopelekwa kulinda wafanyakazi wa mafuta. Dama alikuwa kwenye mchanga ule ule na mbele ya bunduki zile zile.

Sehemu ya pili ni milima ya Aïr. Hapa ndipo pananiumiza kichwa. Huyu ni mnyama wa tambarare, kila kiungo chake kimeumbwa kwa kukimbia uwanjani, lakini waliobaki Aïr wanaishi kwenye mabonde yenye mawe na miteremko. Chama cha wanyama cha Scotland, kile chenye zuu ya Edinburgh, pamoja na shirika la Sahara Conservation, walitega kamera huko na kupata picha zao wakipita kati ya miamba. Ukiona picha hizo bila kujua historia utasema kumbe ni swala wa mlimani. Mimi naona mkimbizi. Amepanda kwa sababu gari halipandi. Aïr na Ténéré iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1991, na mwaka uliofuata tu ikahamishiwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kwa ajili ya vurugu za eneo hilo. Mwaka 2014 dhahabu ikagunduliwa Djado, upande wa kaskazini-mashariki, na maelfu ya wachimbaji wakakatiza jangwa na magari yao. Mtu yeyote aliyeona Mererani au Geita zilipoanza kupamba moto anajua wachimbaji wanakula nini pale ambapo bucha halipo.

Chad habari ni tofauti, na sababu yake ni choroa. Choroa wa Sahara alitangazwa kuwa ametoweka porini mwaka 2000. Waliobaki walikuwa kwenye zuu na ranchi. Machi 2016 serikali ya Chad, Shirika la Mazingira la Abu Dhabi na Sahara Conservation waliwasafirisha kwa ndege kutoka Abu Dhabi hadi Ouadi Rimé, wakawakalisha kwenye boma kubwa wazoee majani na joto, na Agosti, mvua zikiwa zimenyesha, wakafungua lango la kundi la kwanza. Waliwavisha kola za GPS. Wanyama hao walikuwa vizazi na vizazi vya kuletewa nyasi kwenye hori, na bado walitembea mbali kufuata majani mapya. Desemba 2023 IUCN iliwatoa kwenye daraja la waliotoweka porini na kuwaweka daraja la walio hatarini. Kushuka daraja namna hiyo hutokea mara chache mno.

Kambi ile ile, walinzi wale wale na yale mabweni ya wanyama vikampa dama nafasi. Mwanzoni mwa 2020 walikamatwa wachache Manga, magharibi mwa Chad, ambako hakukuwa na ulinzi wowote wa maana, wakahamishiwa kwenye boma la Ouadi Rimé waungane na wenzao na kuzaana. Ukisoma sentensi hiyo haraka inaonekana rahisi. Mtu yeyote aliyeshuhudia swala akikamatwa atakwambia ni kazi ya kutetemesha. Swala akikimbizwa sana misuli yake huanza kuharibika kwa ndani, sumu inaingia kwenye damu, na anaweza kuonekana mzima leo akafa kesho au keshokutwa. Hapo unashughulika na spishi ambayo ukiua watatu umepunguza asilimia inayoonekana. Lazima ukimbizaji uwe wa muda mfupi, macho yafungwe kitambaa mara moja, daktari awe tayari, na usafirishe wakati joto halijapanda. Mwenye moyo mwepesi asijaribu.

Huo si uokoaji wa kwanza. Dama wa magharibi, yule mwekundu zaidi anayeitwa mohor, alikuwa ameshaisha porini kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwanabiolojia Mhispania, José Antonio Valverde, alipata kundi dogo lililokuwa likifugwa Sahara Magharibi, enzi hizo koloni la Hispania, akalivusha bahari mwaka 1971 hadi Almería, kusini mwa Hispania. Kituo kilijengwa karibu na ngome ya kale ya Waarabu, na kiko hadi leo. Mohor wote walioko zuu za Ulaya, na waliorudishwa kwenye maboma ya Senegal, Tunisia na Moroko, ni wajukuu wa kundi lile dogo. Ndiyo maana wanaosimamia uzazi wao wanaandika kila ndoa kwenye daftari, nani kamzaa nani, wasije wakaozesha ndugu kwa ndugu zaidi ya inavyolazimu.

Sasa turudi kwa mzee wangu wa Texas. Wale wake, adra, wengi wanatokana na wanyama waliokamatwa Chad miaka ya 1960 wakauzwa kwa zuu za Marekani, halafu wakazidi, halafu wakafika kwenye ranchi. Kufikia 2010 chama cha wenye ranchi kilikadiria kwamba Texas kuna dama karibu 900. Choroa wa Sahara walikadiriwa kuwa zaidi ya 11,000. Na ranchi haziwafugi kwa sadaka. Watu wanalipa kuja kuwinda.

Mwaka 2005 serikali ya Marekani iliwaweka choroa wa Sahara, adaksi na dama kwenye orodha ya wanyama walio hatarini, papo hapo ikawaachia wenye ranchi ruhusa ya kuendelea kama kawaida. Shirika la Friends of Animals likapinga mahakamani, na mwaka 2009 jaji akakubaliana nalo kwamba ruhusa ile haikutolewa kisheria. Aprili 2012 ikafutwa. Kila mwindaji akatakiwa kibali. Wenye ranchi wakalalamika kwamba bei ya wanyama imeanguka na kwamba watu wataacha kuwafuga. Januari 2014 Bunge likairudisha ruhusa, likiichomeka ndani ya sheria ya bajeti.

Niliwasiliana na yule mzee baada ya kuondoka kwake, na tumebishana kwa WhatsApp kuanzia hapo. Hoja yake ni nyepesi na nzito kwa pamoja: mwindaji mmoja anayelipa kwa dume mzee analisha majike na watoto mwaka mzima, na bila faida angefuga ng'ombe. “Mwanangu, ng'ombe hawahitaji uzio wa futi nane,” aliniandikia. Mimi natoka nchi inayouza vibali vya uwindaji wa kitalii, kwa hiyo kumnyooshea kidole nisingeweza hata ningetaka.

Nilichompinga nacho mwanzoni kilikuwa hiki: kwamba dama wa Texas amebaki ngozi na pembe, kile kilichomfanya dama, yaani kujua mvua imenyesha wapi, kimekufa kizazi cha kwanza cha boma. Choroa wa Chad wameniharibia hoja hiyo. Walifunguliwa lango, wakatembea. Kumbe mwili unakumbuka kuliko tulivyodhani. Basi nikabadilisha swali. Kama wanyama wapo, na wanaweza, kwa nini dama mia tano hawapandi ndege kesho? Jibu ni kwamba mnyama ndiye sehemu rahisi. Kinachokosekana ni mahali pa kumshusha: ukanda mpana usiokatwa, ambapo mwenye bunduki na pick-up akionekana kuna mtu wa kumzuia, na ambapo mfugaji ana sababu ya kupiga simu badala ya kugeuza uso. Ranchi haitengenezi hicho hata ikiwa na dama elfu kumi. Hapo mzee alikaa kimya siku kadhaa, akarudi na kusema ni kweli, lakini bila ranchi ungekuwa na ardhi bila mnyama. Nalo ni kweli.

Ninalisema hili nikiwatazama granti wetu. Watu hudhani wako salama kwa sababu wanaonekana barabarani ukitoka Namanga. Kenya ilihesabu wanyama wake wa nyanda za malisho kutoka angani kati ya 1977 na 2016, na granti walipungua kwa asilimia 60 hadi 70. Hakuna aliyepiga kelele. Bado unawaona, basi wapo. Kwetu, granti wa Longido, Enduimet, Ziwa Natron na Simanjiro wengi wanalala nje ya hifadhi za taifa, kwenye ardhi ya vijiji, katikati ya mbuzi. Mzee mmoja wa Longido nilimuuliza kwa nini hawafukuzi. Alinitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini hafukuzi upepo. “Hawa hawagombani na ng'ombe wangu kisimani, maana kisimani hawaji,” alisema. “Shida ni wale wanaoweka seng'enge.” Akaonyesha kwa fimbo upande wa chini, ambako mashamba ya kulima yamepandishwa nguzo mpya. Hatujafika kwenye Toyota na bunduki kwa kiwango cha Chad. Ila dama naye hakumalizwa na bunduki peke yake. Kabla yake na baada yake kulikuwa na njia zilizozibwa kidogo kidogo, na kila aliyeziba alikuwa na sababu nzuri.

Mambo huko si shwari. Niger ilipinduliwa serikali Julai 2023. Vita ya Sudan iliyoanza Aprili mwaka huo imewasukuma mamia ya maelfu ya wakimbizi mashariki mwa Chad, watu wanaohitaji kuni, maji na nyama kabla ya kitu kingine chochote, na siwezi kumlaumu mama wa Darfur kwa lolote atakalotia kwenye chungu. Boma la Ouadi Rimé bado lina dama ndani.

Wiki iliyopita mzee wa Texas aliniuliza kama naweza kumpeleka akawaone. Nikamwambia mimi leseni yangu ni ya Tanzania na Kifaransa changu ni cha kuombea maji. Nilichojua nilimpa: ndege hadi N'Djamena, barabara hadi mji wa Ati, kisha njia ya mchanga kuelekea kaskazini, na asithubutu msimu wa mvua maana mabonde hayapitiki. Aliniuliza wana hoteli gani. Nikamjibu hema, na alete chujio la maji. Anasema atakwenda Novemba, baada ya msimu wake wa kuuza ng'ombe.